Mwanga Unaopima Hewa ya Ziwa

Novemba 2022, wafugaji wa ngege katika ufuo wa Ogal wa Ziwa Victoria, hapa Kisumu, walikuta samaki wao wameelea vizimbani, wamekufa. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, walitaja upungufu wa oksijeni.

Oksijeni hiyo huenda wapi? Chini kabisa ziwani uchafu unaooza huimaliza. Upepo mkali ukivuruga ziwa, maji hayo mabovu hupanda juu. Samaki huru atahama. Wa kizimbani aende wapi? Tena kuna mwani. Mchana hutoa oksijeni, usiku huivuta, ndiyo maana saa ya hatari ni alfajiri, wakati wengi wetu bado tumelala.

Macho hayatoshi. Ukiona ngege wanahema juu ya maji, umeshachelewa. Siku hizi kuna kipimo cha mwanga. Ncha yake imepakwa rangi maalumu. Ikimulikwa kwa mwanga wa buluu, hung'aa kwa wekundu kwa muda mfupi mno. Oksijeni ikiwa nyingi mng'ao huzimika upesi, ikiwa haba hukawia. Kipimo husoma kukawia huko, kikakuandikia miligramu kwa lita. Ngege hustawi kuanzia 5 kwenda juu. Ukiona chini ya 3, usiwalishe: samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi.

Mwanaanga naye, kama samaki huyo, yumo kizimbani, hana dirisha la kufungua. Julai 1975, wanaanga watatu Wamarekani wa chombo cha Apollo walivuta gesi ya sumu kutoka injini ndogo za chombo chao wakirudi duniani, wakalazwa hospitalini Honolulu. Kwa hatari kama hiyo wataalamu hutumia mwanga kwa njia nyingine: leza hupitishwa hewani, na kwa kuwa kila gesi humeza rangi yake, kinachopungua kwenye mwanga huitaja gesi iliyopo.

Turudi ziwani. Kipimo kishushe hadi kina cha wavu, maana maji ya juu hudanganya. Ute wa mwani ukiota kwenye ncha, ufute kwa kitambaa laini, na usikiache kipimo kimeanikwa juani, rangi itachuja.

Bei yake si ya mtu mmoja mwenye vizimba viwili, hilo nakubali. Basi wenye vizimba wa ufuo mmoja, changeni mnunue kimoja, kisha mpangiane zamu za alfajiri.