Rangi ya Injini ya Dizeli Si Pambo Tu
(Mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa genge la reli mbele ya wanachama na wageni, Marani, Kisii)



Nimeombwa niseme machache juu ya rangi za injini za dizeli zivutazo treni za mizigo. Najua wengine wenu mmeshangaa. Mmoja ameniuliza pale nje, "Ndugu yangu, mambo ya mshahara yamekwisha, hata tuzungumze rangi?" Nitamjibu.

Hapa kwetu hakuna reli. Ya karibu ni ile ya Kisumu, na vijana wetu wengi huona injini mara ya kwanza siku wanapokwenda kutafuta kazi. Huiona ubavuni, wakiwa wamesimama stesheni, na ubavuni rangi ni pambo kweli. Lakini sisi wa genge twaiona kwa mbele, nasi tumeinama, nyundo mkononi, jua machoni. Huko mbele rangi ni habari nyingine kabisa.

Zamani za mvuke injini ilijitangaza yenyewe. Moshi ulionekana nyuma ya kilima kabla injini haijatokea, na kishindo chake kilifika mbele yake. Zile kubwa za daraja la 59, zilizojengwa Manchester mwaka wa 1955 na 1956, zilikuwa 34, kila moja ina jina la mlima wa Afrika Mashariki, na uzito wake ulikuwa kama tani 250. Moja yao, Mount Gelai, ipo mpaka leo katika makumbusho ya reli Nairobi. Rangi yake ni damu ya mzee, rangi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Ni rangi ya heshima, nami naipenda. Injini kama ile ingepakwa rangi yo yote, hata nyeusi ya masizi, na mtu wa genge angejua kwamba inakuja.

Kisha mwaka wa 1960 zikaja dizeli kubwa za njia kuu, kazi ya English Electric ya Uingereza. Nazo zikavikwa damu ya mzee ile ile. Sasa fikirini. Dizeli ikipanda mlima hunguruma, na utaisikia. Lakini ikiteremka, dereva amepunguza moto, upepo unavuma kutoka kwako kwenda kwake, nawe unapiga nyundo: hutasikia kitu mpaka iko karibu. Moshi hauonekani kwa mbali. Na udongo wetu wa mahali palipochimbwa njia ni mwekundu! Damu ya mzee mbele ya ukingo wa udongo mwekundu, wakati wa jua la jioni, ni kama swala katika majani makavu. Na treni ya mizigo iliyoshiba haiwezi kusimama kwa hatua kumi au mia. Dereva akikuona, huenda jambo pekee awezalo kufanya ni kupiga honi.

Jambo hili halikutusumbua sisi peke yetu. Uingereza dizeli zao za kwanza zilikuwa za kijani, na katika nchi yenye majani mengi kijani hakionekani. Mwaka wa 1962 wakaanza kupaka kipande cha manjano usoni mwa injini. Kipande kikaonekana kidogo, na kabla ya miaka ya sitini kwisha wakaamua uso mzima uwe wa manjano. Mwaka wa 1964, karibu na Glasgow, treni za umeme zilipoingia (nazo ni kimya kuliko dizeli), watu wa njia walipewa vizibao vya rangi ya chungwa. Vizibao hivi tuvaavyo leo, ambavyo vijana wa bodaboda nao wamevipenda, babu yao ni wale. Angalieni basi: injini na mtu walipakwa rangi kwa sababu moja, kila mmoja amwone mwenzake.

Huko Marekani kampuni ya Union Pacific ilichagua manjano mapema zaidi, mwaka wa 1934, na sababu moja waliyotoa ni kwamba manjano huonekana kwa mbali mahali barabara inapokata reli. Mpaka leo injini zao za mizigo ni za manjano. Kampuni ya Santa Fe ilikuwa na dizeli nyeusi za kupanga mabehewa na za mizigo, ikazichora mistari myeupe ya mshazari usoni, na watu wakaziita punda milia. Mimi nazisifu. Mistari ile haikutaka rangi ya bei. Ilitaka mtu aliyefikiri.

Lakini si kila rangi huko ilifikiriwa. Santa Fe hiyo hiyo na jirani yake Southern Pacific walitaka kuungana katika miaka ya themanini. Kabla serikali haijatoa ruhusa, wakaanza kupaka injini rangi mpya, nyekundu na manjano, wakaandika herufi za kampuni moja na kuacha nafasi wazi kwa herufi za nyingine. Injini zaidi ya 300 zilipakwa. Mwezi wa Julai 1986 serikali ikakataa muungano. Wafanyakazi wakacheka kwamba herufi nne zile, SPSF, maana yake ni "msipake upesi hivyo". Wenye kucheka walikuwa wale wale waliotakiwa kuzipaka tena.

Tusiwacheke sana. Shirika la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka wa 1977, kila nchi ilifuta herufi za zamani na kuandika zake. Mwaka wa 2006 Kenya na Uganda zikakodisha reli kwa Rift Valley Railways, herufi zikabadilika tena. Mwaka wa 2017 ukodishaji ule ukaisha, zikabadilika mara nyingine. Fedha za rangi zilipatikana kila mara. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kupaka uso wa injini rangi ya kuonekana ni gharama kubwa mno. Uso ni sehemu ndogo kuliko ubavu.

Wako watakaosema kwamba siku hizi taa zatosha. Ni neno la haki, na yafaa tulijibu kwa haki. Marekani, tangu mwisho wa mwaka wa 1997, injini ziendazo kwa kasi katika makutano ya barabara na reli lazima ziwe na taa mbili za ziada mbele, pamoja na ile kubwa, na taa tatu zikikaa kama pembe tatu mtu hupima umbali vizuri. Uingereza nako, tangu mwaka wa 2016, uso wa manjano si lazima tena ikiwa taa zimetimiza kipimo. Basi nasema: tukipewa taa hizo, zote zikiwaka, mchana na usiku, nitanyamaza. Lakini taa huungua, na kioo hushika vumbi. Rangi haiungui. Ila huchafuka, kwa hiyo yataka kuoshwa, na kazi hiyo ipewe saa yake, isiwe ya kuombana.

Sasa nafika mahali ambapo naomba mnisikilize zaidi, hasa ndugu wa karakana. Manjano ile kali ya zamani, inayong'aa na kustahimili jua, ilitengenezwa kwa madini ya risasi. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu, inayopakwa kwanza juu ya chuma, nayo vile vile. Risasi ni sumu. Mtu huivuta katika vumbi la msasa, huila na ugali kwa mikono isiyonawiwa. Tumbo humkata, choo humfunga, damu humpungua, na mwishowe mkono hulegea kwenye kiwiko cha kiganja. Akirudi nyumbani na ovaroli yake, mtoto humkumbatia, na mtoto huumia kuliko baba, maana huingia akilini.

Jambo hili lilijulikana zamani sana. Mkutano wa Kazi wa mataifa, Geneva, ulifanya mapatano mwaka wa 1921 kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Lakini someni vizuri: mapatano yale yaliacha mlango kwa stesheni za reli na viwanda, ikionekana ni lazima, baada ya kushauriana na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi. Reli yatajwa kwa jina. Na kushauriana na chama kwatajwa kwa jina. Leo Kenya imeweka mpaka wa risasi katika rangi, sehemu 90 katika milioni. Ni vizuri. Lakini injini ya zamani ina rangi juu ya rangi, na anayekwangua hafiki kwenye rangi ya mwaka huu tu, hufika kwenye ya babu yake.

Kwa hiyo yule ndugu aliyeniuliza juu ya mshahara, jibu langu ni hili: mshahara hupokelewa na mtu mzima, si na mjane wake. Sitaki genge liokolewe kwa manjano inayomwua mpaka rangi.

Nimependekeza kwa tawi mambo haya yapelekwe kwa wakubwa: uso wa kila injini ya mizigo upakwe manjano au mistari myeupe, rangi isiyo na risasi; ukwanguaji ufanywe kwa maji, si kwa msasa mkavu; karakana iwe na sabuni, mahali pa kubadilisha nguo, na kipimo cha damu kila mwaka.

Wakati mnangoja jibu, yeyote atakayekutana na injini ambayo uso wake hauonekani, aandike namba yake, mahali, saa, na ilikuwa umbali gani alipoiona. Katibu ana daftari pale mezani, na kalamu mbili.