Ratili Zilizopotea Tanuuni

Mtu amepima ratili 100 za mawe ya chokaa, safi na makavu. Yalipokwisha kuchomwa akapata ratili 56 tu. Je, wachomaji wameiba? Tusihukumu kabla ya kuhesabu.

Jiwe hilo limefanyika kwa kalsiamu, kaboni na oksijeni, na wataalamu huliandika CaCO₃. Ile 3 ndogo maana yake ni chembe tatu za oksijeni kwa kila chembe moja ya vile vingine. Uzani wa kalsiamu ni 40, wa kaboni 12, na wa oksijeni 16, ambao mara tatu ni 48. Jumla ni 100.

Moto ukikolea, kaboni hutoka na oksijeni mbili, zikawa hewa isiyoonekana: 12 na 32, yaani 44. Hubaki 56. Basi wachomaji hawana hatia; ratili 44 zimepanda juu.

Na ukipata 70 usifurahi, kwani mawe hayajaiva. Lakini zikipungua 56, hapo ndipo pa kuuliza. Mizani bila hesabu huweza kumdhulumu mtu mwaminifu.