Kalamu, Kibodi na Afya ya Mikono Yako

  

Leo tutaitazama mikono yetu, na hasa kazi moja ambayo mikono hufanya kila siku bila sisi kuifikiria sana. Kazi hiyo ni kuandika. Mwanafunzi anaandika kwa kalamu. Karani anapiga chapa kwenye kompyuta, au tarakilishi kama wengine wanavyoiita. Mama mboga anaandika ujumbe kwenye simu kwa kidole gumba. Huenda ukauliza, je, kuandika nako kuna ugonjwa? Kuandika si ugonjwa. Lakini kuandika vibaya kwa saa nyingi, siku nenda siku rudi, kunaweza kukuletea maumivu yatakayokunyima usingizi na hata kazi. Tena mtoto mdogo akiachishwa kalamu mapema mno, anapunguziwa njia moja nzuri ya kujifunza kusoma. Kwa hiyo tusibishane kama kalamu ni bora au kompyuta ni bora. Tuulize ni wakati gani tutumie ipi, na kwa namna gani.

Unaposhika kalamu, vidole vitatu vya mkono mmoja ndivyo vinavyobeba kazi: gumba, cha shahada na cha kati. Vidole hivyo vinabana, na ukibana kwa nguvu misuli huchoka haraka. Mtahiniwa wa KCSE anayeandika karatasi ya Insha ya Kiswahili kwa saa 1 na dakika 45 anaijua hali hiyo. Kabla hajamaliza insha ya pili ameanza kuukung'uta mkono. Kwenye kibodi mambo ni tofauti. Vidole vyote kumi vinaweza kugawana kazi, lakini kila kidole hurudia mwendo mdogo uleule mara maelfu kwa siku. Mikono imekaa mahali pamoja, shingo imeinama, mgongo umepinda. Kalamu huchosha kwa kubana, kibodi huchosha kwa kurudia na kwa kukaa bila kusogea.

Zamani kazi ya kupiga chapa ilifanywa kwa mashine ya taipu. Mmarekani Christopher Latham Sholes na wenzake walipewa hataza ya mashine yao mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Mpangilio wa herufi tulio nao leo, ule unaoanza na Q, W, E, R, T, Y, tumeurithi kutoka mashine hizo. Wazee wetu waliosomea uhazili wanaikumbuka taipu. Ilikuwa nzito, na vitufe vyake vilitaka nguvu. Lakini ilikuwa na jambo moja jema. Mstari ulipokaribia mwisho, kengele ililia, na mpiga chapa aliinua mkono kuisukuma mashine irudi mwanzo. Karatasi ilipojaa, aliitoa na kutia nyingine. Mikono ilipata pumziko bila kuomba. Kompyuta haina kengele hiyo. Maneno hushuka yenyewe mstari wa pili, na karatasi haiishi. Unaweza kupiga chapa saa tatu mfululizo bila kuinua mkono. Basi kengele hiyo ni sharti ujipigie mwenyewe.

Msikilizaji, tuanze na kujifunza. Wengi wetu tumeizoea kompyuta kwa kudonoa kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa mahindi. Ubaya wa kudonoa ni kwamba macho hushuka kwenye vitufe, hupanda kwenye skrini, kisha hushuka tena, na shingo hufuata macho kutwa nzima. Vidole viwili nao hufanya kazi ya vidole kumi. Kujifunza vizuri si jambo la watu wa ofisi kubwa tu. Hata wewe unaweza.

Papasa vitufe vya F na J. Kila kimoja kina kinundu kidogo. Hapo ndipo nyumbani kwa vidole vyako vya shahada. Vidole vya mkono wa kushoto hukaa juu ya A, S, D na F. Vya mkono wa kulia hukaa juu ya J, K, L na kitufe kinachofuata. Vidole gumba hukaa juu ya kile kitufe kirefu cha nafasi. Kidole kikienda juu au chini kutafuta herufi, kinarudi nyumbani kwake.

Sisi tunaotumia Kiswahili tuna bahati, kwa maana kwa mstari huo mmoja wa kati tunaweza kuandika maneno kamili: kaka, dada, lala, saa, sala, shaka, haja, hasa. Yaandike hayo bila kuitazama mikono. Yakikuingia, ongeza mstari wa juu, kisha wa chini. Utagundua pia kwamba herufi A, ambayo imejaa tele katika lugha yetu, imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ni kidole dhaifu. Kwa hiyo gusa kwa wepesi. Kompyuta haihitaji nguvu iliyohitajiwa na taipu ya zamani.

Dakika 15 hadi 20 kila siku zitakufaa kuliko saa tatu za Jumamosi peke yake. Wiki za kwanza utakuwa mzito kuliko ulipokuwa ukidonoa. Usikate tamaa. Tafuta usahihi kwanza, kasi itakuja baadaye. Haraka haraka haina baraka. Mtu aliyejizoeza vyema anaweza kufikia maneno 40 kwa dakika au zaidi. Na kama huna kompyuta nyumbani, chora vitufe kwenye kipande cha katoni ujizoeze mahali pa kila herufi. Ukienda saiba, hutalipia dakika za kutafuta herufi.

Sasa tuje kwenye kuketi. Nyayo ziguse sakafu. Kama kiti ni kirefu, weka tofali au kisanduku chini ya miguu. Visugudi, yaani pale mkono unapokunjika, viwe karibu na mbavu. Kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, kisipinde juu wala chini, na kisilalie ukingo mkali wa meza. Skrini iwe mbali nawe kiasi cha urefu wa mkono, na ukingo wake wa juu ulingane na macho. Ukitumia laptopu kutwa nzima, iinue kwa vitabu na uunganishe kibodi nyingine.

Na ile kengele je? Kila dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Tunapokazia macho skrini tunapepesa kope mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana macho hukauka na kuwasha. Kisha kila baada ya nusu saa hivi simama, tembea kidogo, nyosha vidole, zungusha mabega. Muda huo hautaipunguza kazi yako.

Msikilizaji, sasa nakuomba utege sikio vizuri. Tuchukue mfano wa dada anayepiga chapa katika saiba. Anaamka saa nane za usiku mkono umekufa ganzi. Gumba, kidole cha shahada, cha kati na upande mmoja wa kidole cha pete vinachoma kama sindano. Kidole cha mwisho ni kizima. Anaukung'uta mkono, anapata nafuu, analala. Jirani mmoja anamwambia ni baridi, mwingine anamwambia amerogwa. Anajipaka dawa ya kuchua. Miezi inapita, na vikombe vinaanza kumponyoka.

Hakurogwa. Katika kifundo cha mkono mna kijia chembamba kilichozungukwa na mifupa na utando mgumu. Humo hupita kano zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kijia kikisongamana, mshipa hubanwa. Mshipa huo huhudumia vidole vile vinavyochoma, lakini hauhudumii kidole cha mwisho. Hiyo ndiyo alama ya kuutambua ugonjwa huu.

Hata hivyo, tusiilaumu kompyuta peke yake. Utafiti haujathibitisha kwamba kupiga chapa ndicho chanzo kikuu. Kazi za nguvu za kurudiarudia, na zile za mashine zinazoutetemesha mkono, zina hatari zaidi. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, hasa wakati wa ujauzito. Hupatwa pia watu wenye kisukari, wenye uzito mwingi, wenye ugonjwa wa baridi yabisi, na wale ambao tezi ya shingo inafanya kazi kwa unyonge. Kwa hiyo ganzi inayorudi kila usiku isitulizwe kwa dawa ya kuchua tu. Nenda kituo cha afya upimwe, na uulize pia kuhusu kupimwa sukari.

Ukiwahi, mara nyingi matibabu huwa mepesi. Wengi huanza kwa kuvaa usiku kifaa kinachokishikilia kifundo kikae kimenyooka. Wengine hudungwa sindano, na wengine hufanyiwa upasuaji mdogo wa kuupa mshipa nafasi. Ukichelewa, nyama iliyo chini ya gumba hukonda, na nguvu huenda isirudi yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na tafadhali, ganzi au udhaifu ukitokea ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukaenda upande au maneno yakakwama, hiyo si habari ya kibodi. Huenda ni kiharusi. Mkimbize mgonjwa hospitalini saa hiyohiyo.

Nanyi wa simu, msidhani mmesahaulika. Gumba linaloandika ujumbe kutwa linaweza kupata maumivu kwenye shina lake, upande wa kifundo. Maumivu kama hayo huwapata pia akina mama wanaombeba mtoto mchanga. Shika simu kwa mkono mmoja uandike kwa kidole cha shahada cha mkono mwingine, na uiinue simu badala ya kuinamisha shingo.

Wazazi na walimu watauliza, je, mtoto aanze na kipi? Tangu mwaka 2016 serikali yetu ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi, swali hili limekuwa la kila nyumba. Mtoto mdogo aanze na mkono wake. Mwaka 2012, mtafiti Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na mwenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa umri wa miaka mitano hivi ambao walikuwa hawajajua kusoma. Baadhi ya herufi waliziandika wenyewe kwa mkono, nyingine wakazipiga chapa, nyingine wakazifuatisha kwa mistari. Walipopimwa ubongo, sehemu zinazotumika katika kusoma ziliamka zaidi kwa herufi zile walizoziandika wenyewe. Ukiandika B unaijenga, lakini ukibonyeza B unaichagua tu.

Kwa wakubwa, jambo halijakaa wazi hivyo. Utafiti wa mwaka 2014 uliwaonyesha wanafunzi wa chuo walioandika somo kwa kalamu wakilielewa zaidi ya waliopiga chapa, kwa sababu wapiga chapa walinakili kila neno. Tafiti zilizofuata zilikuta tofauti ndogo tu. Somo la kubeba ni hili: usinakili tu kama kasuku. Andika kwa maneno yako, uwe na kalamu au kibodi.

Mfundishe mtoto kushika penseli kwa vidole vitatu bila kuikaba. Atumiaye mkono wa kushoto asilazimishwe kubadili. Samaki mkunje angali mbichi, lakini usimvunje. Na kama mtoto ana ulemavu wa mikono, au anahangaika mno na kalamu ilhali akili yake ni nyepesi, usimwite mvivu. Mpeleke kwa wataalamu. Kwa mtoto kama huyo, kibodi inaweza kuwa mlango wa elimu.

Kwa ufupi, msikilizaji: mtoto aanze na kalamu. Mkubwa ajifunze kibodi kwa vidole kumi. Keti wima, gusa kwa wepesi, jipigie kengele ya kupumzika. Na mkono ukikuamsha usiku, usimtafute mchawi. Mtafute daktari.

Kinga ni bora kuliko tiba.