Gofu na Bahari Diani: Tuulize Kabla ya Kulipa



Tangazo la likizo ya gofu na bahari huko Diani, kusini mwa Mombasa, hutaja bei moja tu. Je, bei hiyo imebeba nini? Mchezo wa mashimo 18 una ada ya uwanja, ujira wa mbeba fimbo na, kwa asiye na fimbo zake, gharama ya kuzikodi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo. Basi dai mchanganuo wa maandishi. Ahadi ya simu haitoshi.

Wauzaji husahau kutaja maji. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, mwogeleaji hubaki kutazama mchanga na miamba. Tazama jedwali la maji kabla ya kukubali saa za mchezo: maji yakipwa, cheza, yakijaa, ogelea.

Aprili na Mei bei nyingi hushuka, lakini ni masika. Mvua ikizuia mchezo, ada itarudishwa? Jibu liandikwe kabla hujatoa arbuni.