Walidai Jasho Lao: Maneno Baada ya Filamu ya Thiaroye

(Haya yalisemwa ukumbini jioni, watu walipokwisha kutazama filamu iitwayo Camp de Thiaroye. Tumeyafupisha kidogo.)

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana, poleni kwa kukaa. Filamu yenyewe ni zaidi ya saa mbili, na kuna wanaotembea mbali usiku huu, kwa hiyo sitawaweka sana. Lakini nimesikia manung'uniko huko nyuma, na kijana mmoja ameuliza kwa sauti, "Mbona walimwachilia yule jenerali?" Swali hilo ndilo nitakalolishika.

Kwanza tuelewane hawa ni akina nani. Filamu ilitoka mwaka wa 1988. Waliiongoza Wasenegali wawili, Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow. Sembène mwenyewe aliwahi kuwa askari wa Mfaransa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa hiyo mambo ya kambini hakuyasoma kitabuni. Wale askari walitoka makoloni mengi ya Ufaransa. Ndiyo sababu mmewasikia wakiitana kwa majina ya nchi, Niger, Gabon, na wakizungumza Kifaransa kilichovunjikavunjika. Msicheke sana. Wazee wetu wa Keya nao walikuwa na Kikeya chao.

Mwezi wa Juni 1940 Mjerumani aliishinda Ufaransa na maelfu ya Waafrika hawa wakawa mateka. Wajerumani hawakutaka watu weusi katika nchi yao, basi wengi wakafungiwa kambini huko huko Ufaransa. Miaka minne! Ufaransa ilipokombolewa mwaka wa 1944 wakaambiwa sasa rudini kwenu. Walikuwa wakidai mshahara wa muda wa utekwa, malipo ya kuagwa jeshini, na akiba zao. Wakapewa sehemu tu, wakaambiwa nyingine mtapata Dakar. Katika bandari ya Morlaix watu 300 hivi walikataa kupanda meli mpaka walipwe. Waliobaki waliamini, wakapanda. Walifika Dakar tarehe 21 Novemba 1944 na kupelekwa kambi ya Thiaroye, nje kidogo ya mji.

Hapo ndipo filamu inapoanzia. Sasa kumbukeni jinsi mambo yalivyokwenda polepole. Wanavuliwa sare nzuri za Kimarekani, wanarudishiwa kaptura na kofia nyekundu. Wanaletewa chakula cha ovyo. Sajini Meja Diatta, mtu aliyesoma, mwenye mke Mfaransa, anaingia kwenye baa mjini. Anapodhaniwa kuwa Mmarekani mweusi, karibu sana. Ikijulikana kwamba ni Mwafrika wa pale pale Senegali, toka! Huko nje polisi wa jeshi la Marekani wanampiga. Na kumbe kijiji chake mwenyewe, Effok, kilikwisha kuteketezwa na jeshi lile lile analolitumikia. Mimi naona sehemu hii ya Diatta ni refu mno, muziki na vitabu vyake tungeweza kupunguziwa. Lakini nadhani Sembène alitaka tuone jambo moja, kwamba hata ukisoma namna gani, rangi inakutangulia mlangoni.

Hata hivyo, hayo yote askari waliyavumilia. Kilichowasha moto ni hesabu. Walikuja na noti za Ufaransa, na maofisa wakataka kuzibadilisha kwa nusu ya thamani. Nusu! Mtu amelala nyuma ya senyenge miaka minne, halafu karani anamkata nusu ya pesa zake mezani, mchana kweupe. Hapo ndipo wakamzuia jenerali. Mtaona hawakumpiga, wala hawakuomba nchi, wala cheo. Walitaka pesa zao kwa thamani yake. Jenerali akatoa neno lake la heshima kwamba watalipwa. Wakafurahi, wakaimba, wakamfungulia njia.

Kijana wangu, sasa nijibu. Walimwachilia kwa sababu walikuwa askari, na kwa askari neno la mkubwa ni amri. Walidhani yeye pia anafungwa na neno lake, kama wao walivyofungwa na kiapo chao walipokufa kwa ajili ya bendera ya Ufaransa. Yeye hakuona hivyo. Kwake, ahadi aliyompa mtu mweusi haikuwa deni. Matusi ya baa yanauma, lakini ubaguzi wenyewe uko hapo kwenye ile ahadi.

Na yule Pays, bubu aliyetoka kambi ya Buchenwald, mwenye kofia ya chuma ya Kijerumani? Aliona vifaru vinakuja, akajaribu kuwaamsha wenzake. Wakamwambia vita vimekwisha, lala. Nimeona akina mama wengi mkifuta macho hapo.

Mambo haya yalitokea kweli, ingawa filamu imebadilisha kidogo. Jenerali aliyezuiwa tarehe 28 Novemba aliitwa Dagnan. Risasi zilipigwa asubuhi ya tarehe 1 Desemba 1944, wala haikuwa usiku kama tulivyoona. Na jambo ambalo filamu imelipita haraka, wengi wa askari walioletwa kuizingira kambi walikuwa Waafrika wenzao. Jeshi lilisema waliokufa ni 35. Karatasi nyingine ya jeshi lenyewe ilitaja 70. Wanahistoria wamo wanaosema ni mamia. Manusura 34 wakashtakiwa kwa uasi na kufungwa jela, wakaja kusamehewa baadaye. Kusamehewa kwa kosa gani, sijui. Mwezi wa Novemba 2024, katika barua kwa Rais wa Senegali, Rais wa Ufaransa alikubali kuliita tukio hilo mauaji ya halaiki, na hata hilo lilichukua miaka 80.

Mtaniuliza, haya ya Senegali yanatuhusu nini? Wazee wetu wa Keya walipigana Burma mwaka huo huo wa 1944. Malipo yao ya kuagwa yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Baada ya vita, wanajeshi Wazungu walitengewa mashamba katika nyanda za juu. Askari mweusi alirudi akakuta hana pa kulima. Waruhiu Itote alikuwa mmoja wa hao wa Burma, na mwaka wa 1952 aliingia msituni, tukamjua kama Jenerali China. Hakufundishwa bunduki na Mau Mau, alifundishwa na Mwingereza.

Nina ombi. Katika nyumba zetu kuna masanduku ya marehemu babu. Ndani yake mna kitabu cha Keya, medali, pengine barua ya malipo. Wengine mmewapa watoto wachezee. Jumamosi ijayo, mwenye nacho alete, tuandike jina la mzee, kikosi chake, alikopigana na alicholipwa. Na wewe uliyeuliza habari za jenerali, njoo na kalamu, utakuwa mwandishi wetu.