Cheo hakipandi kwa chaki

Mhadhiri wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa lipi: kufundisha au kuandika?

Tuitazame Uingereza. Mwaka 1986 ilianza kupima utafiti wa vyuo vikuu, na pesa zikafuata alama. Vyuo vikagombania watafiti wenye majina. Ufundishaji haukupewa madaraja ya dhahabu, fedha na shaba mpaka 2017. Matokeo yakawashangaza wengi: London School of Economics, chuo kinachosifika duniani kwa utafiti, kikapata shaba; Chuo Kikuu cha Coventry, kisichovuma hivyo, kikapata dhahabu.

Wapo waliolalamika kwamba wapimaji hawakuingia darasani. Walitazama maoni ya wanafunzi, idadi ya wanaoacha masomo na wanaopata kazi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwaka 2012 ada huko England ilipanda kufikia kikomo cha pauni 9,000 kwa mwaka, na anachokilipia mwanafunzi ni kufundishwa.

Utafiti ni kisima cha elimu, hatuupingi. Ila kisima bila kata hakikati kiu. Chuo kinachomtukuza mwandishi na kumsahau mwalimu hodari kinawaambia wahadhiri wake neno moja tu: wanafunzi na wasubiri.