Kupiga Picha Katika Nyumba ya Makumbusho

Leo twapenda kuzungumza nanyi, hasa ninyi wanafunzi na wazee wa Buseresere, habari za kupiga picha katika nyumba za makumbusho ya viumbe. Zamani kazi hii ilikuwa ya watu wachache wenye kamera. Siku hizi kamera imo ndani ya simu, na wanafunzi wakienda na walimu wao kutazama makumbusho ya Dar es Salaam au Arusha, hurudi na picha tele. Lakini wakiulizwa, “Kitu hiki ni nini? Kilitoka wapi? Ukubwa wake kadiri gani?” wengi hunyamaza. Picha ya namna hiyo yafurahisha macho, walakini haimfundishi mtu aliyebaki nyumbani.

Na tutazame jinsi watu wa elimu wanavyoiheshimu picha. Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Bibi Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe wa kale likichungulia katika udongo. Yeye na mumewe Louis walifurahi mno, lakini hawakuharakisha kulichimbua. Walimngoja kwanza mpiga picha za sinema, Des Bartlett, ili kazi ya kuchimbua ionekane katika picha. Maana mfupa ukiisha kutolewa mahali pake, hapana awezaye kuurudisha kama ulivyolala; shahidi anayebaki ni picha pamoja na maandishi. Fuvu hilo, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75, lilirudishwa Tanzania mwaka 1965, nalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa.

Basi, ukiingia katika nyumba ya makumbusho, fuata mambo haya.

Kwanza, omba ruhusa kwa msimamizi, kisha zima taa ya kamera. Mwanga mkali hurudishwa na kioo cha kabati, ukabaki na picha ya weupe mtupu. Tena mwanga ukizidi huchujusha rangi za manyoya, ngozi na vipepeo. Usisimame mbele ya kioo sawasawa. Simama upande kidogo, na kivuli chako kitatoweka.

Pili, piga picha ya kibao cha maelezo mara tu baada ya kitu chenyewe. Mjini Nairobi, katika ua wa makumbusho, imesimama sanamu ya ndovu Ahmed wa Marsabit, ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi wa pekee, naye akafa mwaka 1974. Asiyesoma kibao atawaambia watu wa kwao kwamba amemwona Ahmed mwenyewe, kumbe ameona mfano wake.

Tatu, onyesha kipimo. Ninyi mlio karibu na machimbo ya Geita mwajua kwamba dhahabu haiuzwi kwa kukadiria kwa jicho. Huwekwa katika mizani. Hali kadhalika picha. Mwombe mwenzio asimame kando ya kitu, pasipo kukigusa, ili mtazamaji alinganishe. Ikiwa kitu ni kidogo, weka rula mbele ya kioo, ingawa kipimo hicho ni cha kukisia tu.

Nne, andika katika daftari siku, mahali, na asili ya kitu. Jambo hili la nne ndilo kubwa kuliko yote, nasi twawapa sababu.

Katika mji wa Berlin, Ujerumani, kimesimama kiunzi cha mifupa ya dinosaria, mnyama aliyeishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Kimo chake ni mita 13.27, watu wazima saba wakisimama mmoja juu ya kichwa cha mwenziwe, hawakifikii kichwa chake. Watu wa mataifa mengi hukipiga picha. Lakini mifupa ile ilitoka kwetu, katika kilima cha Tendaguru, mkoa wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wadachi, mamia ya watu wetu waliichimba, kisha wapagazi wakaichukua vichwani na mabegani mwendo wa siku kadha mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi mmojawapo alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mtaalamu alimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la kumkumbuka.

Bungeni mwetu imepata kuulizwa kama mifupa ile irudishwe. Wenye kuamua wataamua. Lakini hata hivi leo picha inayosema “dinosaria wa Berlin” bila kulitaja Tendaguru imewanyima watu wa Lindi haki yao. Mtoto wa Buseresere asiyeweza kufika Ujerumani anaweza kuiona mifupa hiyo kwa picha. Basi na aione pamoja na jina la nchi ilikotoka na watu walioichimba.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mtakapokwenda makumbusho, msirudi na picha mia zisizo na jina. Chagueni vitu vitano vilivyowapendeza, mvipige vizuri, mkaandike habari zake, kisha mzibandike ukutani shuleni, ili hata bibi na babu waje kutazama na kusomewa na wajukuu wao.